Anakula sahani nzima, lakini mbavu zake zinahesabika

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Ngamiani, Tanga. Mwezi wa tatu mwaka huu jirani yetu alihamia Dodoma akamwacha paka wake wa kike, ambaye watoto wangu walikuwa wameshamzoea. Wakamleta nyumbani na kumpa jina la Shani. Jirani aliniambia kwamba ana umri wa miaka minne hivi na hajawahi kufungwa kizazi. Alipokuja alikuwa mwembamba, nikasema moyoni kwamba akipata chakula cha uhakika atanenepa. Huu ni mwezi wa nne yuko kwetu, na ukimpapasa mgongoni bado unahesabu pingili za uti wa mgongo kama punje za tasbihi.

Si kwamba simlishi. Asubuhi anapata nusu kikombe cha maziwa ya ng'ombe, mchana tunamwekea ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa, na usiku anapata wali na vichwa vya samaki au chochote kilichobaki kwenye sufuria. Anakula kwa pupa mpaka analamba sahani, kisha anarudi kunililia miguuni. Hata hivyo nimeona mambo ambayo siyaelewi. Akitafuna kitu kigumu anainamisha kichwa upande mmoja, na mara nyingine kipande kinamdondoka. Tumbo lake limejaa ingawa mwili wote umekonda, na siku nyingi choo chake ni laini mno.

Nimepewa ushauri wa kila aina. Mama mkwe anasema nimpe uji wa lishe wenye sukari, kama anavyopewa mtoto aliyekonda. Muuza samaki ananiambia nimpe samaki wabichi, kwa sababu ndicho chakula alichoumbiwa. Mume wangu anasema paka akinenepa hakamati panya, kwa hiyo nimwache alivyo. Nilikwenda dukani kutafuta chakula cha paka nikakuta kimekwisha, na muuzaji akanishauri nichukue cha mbwa, kwa maelezo kwamba havina tofauti. Baadaye nilipata mahali wanapouza chakula kikavu cha paka kwa kupima kutoka kwenye gunia lililokwisha kufunguliwa, nikanunua robo kilo. Shani alikinusa, akaparura sakafu pembeni yake kana kwamba anafukia choo, akaondoka.

Tulimpima kwenye mizani ya duka la nafaka akiwa ndani ya kikapu cha ukindu, ikasoma kilo 2 na gramu 600. Sina uwezo wa kununua makopo ya kutoka nje kila siku, lakini pia sitaki niwe kama yule mwanamke wa kwenye hadithi, aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Naomba unieleze ni chakula gani hasa kinachomfaa paka aliyekonda, na nianzie wapi.

Mama wa Shani,
Tanga

JIBU

Marahaba, mama. Yule mwanamke alimnyima paka wake chakula na uhuru, na wewe hukumnyima Shani hata kimojawapo, kwa hiyo ondoa hofu hiyo kwanza. Tatizo ni kwamba sahani yake inajazwa chakula ambacho mwili wa paka hauwezi kujijenga kwacho, na inawezekana kabisa kwamba hata kile kidogo kinachomfaa kinaliwa na minyoo tumboni mwake. Sitaki kukutajia chakula cha kununua kabla hatujaelewana kwa nini amekonda, kwa sababu paka anayekula vizuri huku akikonda, na paka anayekonda kwa kukataa kula, hawatibiwi kwa njia moja. Shani ni wa kundi la kwanza, na dalili ulizoziandika zinanisaidia sana.

Turudi kwanza kwenye mizani. Kikapu cha ukindu kinachomtosha paka hakikosi gramu 200 au 300, kwa hiyo uzito halisi wa Shani uko karibu na kilo 2 na gramu 300. Kipime kikapu kitupu, uandike uzito wake pembeni, na utumie kikapu hichohicho kila utakapompima. Pamoja na mizani, tumia vidole. Kunja ngumi na upitishe kidole juu ya vifundo vyake: mbavu za paka zikigusika hivyo, amekonda kupita kiasi. Kisha nyosha mkono na uupapase kwa juu, mahali ambapo mifupa inasikika chini ya ngozi bila kuchongoka. Hivyo ndivyo mbavu za paka mwenye afya zinavyopaswa kugusika. Madaktari wa wanyama huipima hali ya mwili kwa ngazi ya 1 hadi 9, ambayo 5 ndiyo ya wastani, na kwa maelezo yako ningemweka Shani kwenye 2 au 3. Tuchukue kilo 3 na gramu 300 kuwa lengo la kuanzia, nasi tutalirekebisha kadiri vidole vyako vitakavyotueleza.

Tumbo lililojaa kwenye mwili uliokonda hunifanya nifikirie minyoo kabla ya kitu kingine chochote, lakini kwa paka jike ambaye hajafungwa kizazi ni lazima niulize pia kuhusu mimba. Paka hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 hivi, na kuanzia karibu wiki ya tatu chuchu zake huvimba na kuwa na rangi ya waridi. Mlaze ubavu, utenge manyoya ya tumboni uzitazame. Ukiwa na shaka, mweleze daktari wa mifugo kabla hajatoa dawa yoyote.

Kuhusu minyoo wenyewe, wako wa aina zaidi ya moja. Wako wale warefu kama tambi, ambao paka huweza kuambukizwa na mama yake kupitia maziwa tangu utotoni, na yuko tegu, ambaye vipande vyake hukauka na kuonekana kama punje za mchele kwenye manyoya ya chini ya mkia au mahali paka anapolala. Tegu humpata paka akimeza kiroboto wakati anajilamba, na yuko mwingine anayepatikana kwa kula panya. Dawa nyingi zinazoua minyoo warefu haziui tegu, ambaye kwa kawaida hutibiwa kwa prazikuanteli, kwa hiyo omba dawa ya paka inayoshughulikia wote, na umpe daktari uzito halisi, si wa pamoja na kikapu. Tafadhali usitumie vidonge vya minyoo vya watoto wako: vingi ni albendazoli, ambayo imewahi kuharibu uboho wa paka. Usikubali pia kupewa sindano ya minyoo ya mbuzi iliyokadiriwa kwa macho, kwa sababu kosa dogo la kipimo kwa mnyama wa kilo mbili ni kosa kubwa. Vilevile viroboto wasiondolewe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo, hasa zenye pemetrini, huua paka. Na kwa kuwa baadhi ya minyoo wa paka huweza kuwaingia binadamu, watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimaliza kucheza naye.

Jambo la kichwa kuinama lisikupite. Paka anayetafuna upande mmoja na kudondosha kipande anaumwa mdomoni. Usiku akiwa ametulia, mnyanyue mdomo wa juu kwa kidole gumba, upande mmoja kisha wa pili, ukiwa na tochi ya simu. Ufizi wenye afya una rangi ya waridi iliyopauka. Ukiuona mstari mwekundu wa damu kando ya meno, utando wa kahawia uliogandamana kwenye magego, kidonda nyuma ya ulimi, au ukisikia harufu ya kuoza, basi hapo kuna sababu ya kukonda ambayo chakula chochote utakachonunua hakitaiondoa. Jino bovu huondolewa na daktari paka akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na nimewaona paka waliokosa karibu meno yote wakinenepa ndani ya miezi miwili, kwa sababu maumivu yamekwisha na chakula laini hakihitaji kutafunwa sana. Ninakuomba sana, kwa sababu watu hufanya hivyo kwa huruma: usimpe panadoli kutuliza maumivu. Hata kidonge kimoja cha parasetamoli huweza kumuua paka.

Sasa nizungumzie ile sahani. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake yote, na hilo si suala la kupenda au kutopenda. Binadamu akila mchicha na karoti, mwili wake hutengeneza vitamini A kutokana na rangi ya mboga hizo. Mwili wa paka hauwezi, ni lazima aipate ikiwa tayari imetengenezwa ndani ya mnyama mwingine. Vivyo hivyo kuna kitu kinachoitwa taurini, ambacho kimo ndani ya nyama na samaki na hakimo kwenye nafaka, na mwili wa paka hutengeneza kidogo mno kuliko unavyohitaji. Akikikosa kwa muda mrefu, utando wa nyuma ya macho unaopokea mwanga huharibika na msuli wa moyo hutanuka na kulegea. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, Marekani, walionyesha kwamba paka waliokuwa na ugonjwa huo wa moyo walikuwa na taurini pungufu, ingawa walikuwa wakila vyakula vya viwandani, na kwamba walipoongezewa taurini mioyo yao ilipata nafuu. Baada ya hapo viwanda vikarekebisha vyakula vyao. Ikiwa paka wa makopo walipungukiwa, fikiria paka wa ugali.

Kwa viwango vinavyotumika Marekani, chakula cha paka mzima, kikihesabiwa bila maji yake, kinatakiwa kiwe na protini isiyopungua asilimia 26, na cha paka anayekua, mwenye mimba au anayenyonyesha asilimia 30. Unga wa mahindi una asilimia 8 au 9 hivi, na mchele karibu 7. Dagaa wakavu, kwa upande mwingine, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Unapoloweka ugali kwenye mchuzi wa dagaa, Shani anapata harufu ya dagaa na tumbo la mahindi. Analamba sahani kwa sababu ya harufu, kisha anarudi kukulilia kwa sababu mwili wake haujapata ulichotafuta. Wali au ugali kidogo uliochanganyika na nyama si sumu, paka aweza kuumeng'enya. Kosa ni kuufanya kuwa ndio chakula chenyewe.

Mchuzi nao una hatari yake. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vikiwa vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na mchuzi wa nyumbani kwetu haupikwi bila kimojawapo. Paka anayepewa kidogo kidogo kila siku kwa miezi minne anaweza kupungukiwa damu pasipo mtu kugundua. Tazama ufizi wake ukiwa unaangalia meno: ukiwa mweupe badala ya rangi ya waridi, usingoje wiki iishe kabla ya kumpeleka kwa daktari. Kuanzia leo chakula chake kipikwe kando au kitolewe kabla kitunguu na chumvi havijaingia.

Kuhusu maziwa, paka wengi wakishakua hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe, na inawezekana kwamba hiyo ndiyo sababu mojawapo ya choo laini. Yaache kwa siku saba uone. Mwekee maji safi mahali pake. Mama mkwe wako ana nia njema na uji wake wa lishe umewainua watoto wengi, lakini ulezi, mahindi na soya si chakula cha paka, na sukari haimvutii kwa lolote kwa sababu paka hana uwezo wa kuonja utamu. Muuza samaki naye amesema nusu ya kweli. Samaki ni chakula kizuri, ila aina kadhaa za samaki wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hivyo siku nyingi huacha kula, shingo ikalegea na kuinamia kifuani, kisha akapata degedege. Moto huharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo samaki wachemshwe. Hata wakichemshwa, wasiwe chakula chake pekee cha kila siku, hasa wale wenye mafuta mengi kama jodari. Mafuta hayo yakizidi bila vitamini E ya kutosha, mafuta ya mwilini mwa paka huvimba na kumuuma hata akiguswa. Ng'onda na papa mkavu ni wa chumvi mno, waache kabisa.

Mwambie baba watoto kwamba paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa kuwa kuwinda kumo ndani yake, na kwamba paka mwenye nguvu ndiye anayemfikia panya. Tena panya mmoja mdogo ana kilokalori 30 hivi (kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula), kwa hiyo Shani angehitaji kukamata saba kwa siku ili afikie zile 200 hivi anazohitaji, na nyumba yenye panya saba kwa siku ina tatizo kubwa kuliko paka mwembamba. Ikiwa majirani wanatumia sumu ya panya, ndiyo sababu nyingine ya kutomtegemeza kwenye uwindaji. Chakula cha mbwa akikila mara moja hakitamdhuru, lakini mbwa hujitengenezea taurini, na chakula chake hakikupangwa kwa mahitaji ya paka. Muuzaji alikosea.

Kwa paka tunayetaka afike kilo 3 na gramu 300, kilokalori 200 hivi kwa siku ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama ungekuwa na uwezo, ningekuambia zote zitoke kwenye chakula cha watoto wa paka, kwa sababu kina nguvu na protini nyingi kuliko cha paka wakubwa, na kinamfaa hata kama atakuwa na mimba. Umenieleza hali yako, nami ninapendekeza nusu kwa nusu: kilokalori 100 kutoka kwenye chakula kikavu cha watoto wa paka, na 100 kutoka jikoni kwako. Nusu ile ya dukani ndiyo inayobeba taurini na vitamini zilizopimwa, na ndiyo sababu sikushauri uiache, kwani chakula cha nyumbani peke yake, hata kikipikwa kwa upendo, ni vigumu kukikamilisha bila mtaalamu kukipanga.

Chakula kikavu kwa kawaida kina kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo Shani anahitaji gramu 25 hadi 30 kwa siku, takriban theluthi ya kikombe cha chai. Kwa kiasi hicho kilo moja inavuka mwezi. Nunua mfuko mdogo uliofungwa, wenye maneno yanayoonyesha kwamba ni chakula kamili cha kila siku, wala si kitafunio au chakula cha nyongeza, na uangalie kwamba nyama, kuku au samaki ametajwa mwanzoni mwa orodha ya viambato, kwa kuwa hupangwa kwa kufuata uzito. Angalia na tarehe. Kile ulichonunua kwa kupimiwa sishangai kwamba alikikataa. Gunia lililo wazi kwenye joto na unyevu wa Tanga mafuta yake huchacha ndani ya wiki chache, na pua ya paka hulijua hilo kabla yetu. Pia kile chakula ni kigumu, na huyu ni paka tunayemshuku meno. Ukishapata kizuri, kiloweke kwa supu ya uvuguvugu isiyo na chumvi kwa robo saa mpaka kiwe laini, kisha umwekee.

Nusu ya jikoni ipike hivi. Chukua robo kilo ya firigisi na mioyo ya kuku, au nyama ya kuku isiyo na mifupa, au moyo wa ng'ombe uliokatwa vipande vidogo. Moyo una taurini nyingi, na mara nyingi mchinjaji huutoa kwa bei iliyo chini ya nyama ya steki. Osha, weka kwenye sufuria na maji ya kufunika tu, funika, uchemshe kwa moto mdogo bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta ya kukaangia. Usimwage maji yake hata tone, kwa sababu taurini huyeyuka ikabaki ndani ya supu, na supu hiyo ndiyo utakayolowekea chakula kikavu. Nyama ikiiva utabakiwa na gramu 170 hivi. Ikatekate kwa kisu mpaka iwe kama kima. Gramu 60 kwa siku, yaani vijiko vinne vya chakula vilivyojaa, zinafikia zile kilokalori 100, kwa hiyo robo kilo itakupeleka karibu siku tatu. Ukiwa na jokofu usiiweke zaidi ya siku mbili, nyingine igandishe. Usipokuwa nalo, pika kiasi cha siku moja moja.

Nyama tupu haina chokaa ya kutosha kwa mifupa, na hapo ndipo dagaa wanapopata heshima yao. Loweka dagaa wakavu kwa saa moja, waoshe mara mbili au tatu, kwa sababu wa Mwanza mara nyingi huja na mchanga na wa Pwani huwa wamechemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Wachemshe, kisha watwange wote pamoja na mifupa yao, umchanganyie kijiko kimoja cha chai kwa siku. Mara moja kwa wiki mwekee kipande cha ini kisichozidi ncha ya kidole gumba. Paka hupenda maini kwa wazimu na ni rahisi kushawishika, lakini yakizidi kwa muda mrefu vitamini A humjaa mwilini na mifupa ya shingo hushikana. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, wala vichwa vya samaki vyenye miiba iliyochongoka. Chambua minofu kwa vidole.

Gawa chakula chote cha siku mara nne au tano, kwa sababu tumbo la paka ni dogo na kwa maumbile yake hula kidogo kidogo mara nyingi. Kipashe moto kidogo kila mara, ukijaribu kwa kugusa kwa mgongo wa mkono: kisikie joto la mwili, kisiunguze. Chakula cha uvuguvugu hutoa harufu, na harufu ndiyo inayomwita paka. Tumia sahani pana isiyo na kina, mbali na mahali anapojisaidia, na umlishe ndani, mlango ukiwa umefungwa. Hukunieleza kama kuna paka wengine uani, lakini kwa Ngamiani ninakisia wapo, na paka dhaifu hula haraka kisha hunyang'anywa sahani na shume la mtaa.

Usibadilishe kila kitu siku moja. Siku mbili za kwanza robo ya sahani iwe chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, mpaka ugali uishe ndani ya siku saba hadi kumi. Choo kikizidi kulegea, rudi hatua moja ukae hapo siku mbili. Kwa wasomaji wengine wanaookota paka aliyeshinda njaa siku nyingi bila kitu, tahadhari hii ni kubwa zaidi. Huyo apewe kidogo sana na aonwe na daktari, kwa sababu mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla madini ya damu huporomoka na moyo huweza kusimama.

Ninajua kwamba ofisi nyingi za mifugo hushughulika zaidi na ng'ombe, mbuzi na kuku, na kwamba mtu akiingia na paka ndani ya kikapu huweza kuchekwa. Nenda tu. Uliza katika ofisi ya mifugo ya halmashauri ni daktari gani wa mjini anayetibu paka na mbwa, na ukimpata, mwombe mambo matatu kwa safari moja: aangalie mdomo, atoe dawa ya minyoo kwa uzito halisi, na amchanje Shani dhidi ya kichaa cha mbwa kama hali yake inaruhusu. Kumfunga kizazi kusubiri mpaka apate mwili. Ikiwa siku yoyote atakaa saa 24 bila kula chochote, au masikio kwa ndani na ufizi vikageuka manjano, au akaanza kunywa maji kupita kawaida, usiendelee kujaribu vyakula, mpeleke siku hiyohiyo.

Mimi sitarajii aongeze kilo nzima ndani ya mwezi; gramu 30 hadi 60 kwa wiki zinanitosha kabisa kwa paka wa umbo lake. Mpime kila Ijumaa asubuhi kabla hajala, kwa mizani ileile, na watoto waandike kwenye daftari. Wiki nne zikitimia, niandikie namba hizo nne pamoja na alichokiona daktari mdomoni, nami nitakuambia kama tuongeze chakula au tutafute sababu nyingine.